Je, Mafuriko ya Mjini ni Kadari ya Mungu au Kazi ya Mikono Yetu?



Katika darasa la jioni ndugu mmoja, ambaye hajatimiza mwaka tangu aingie katika dini, aliuliza swali lililonyamazisha chumba kizima. Wazazi wake walikuwa na nyumba kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na katika mafuriko ya Desemba 2011 walitoka humo na nguo za mwilini tu. Akasema: "Sheikh, majirani zetu walisema ile ni kadari ya Mwenyezi Mungu, basi tusubiri tu. Wataalamu nao wakasema ni makosa ya wanadamu. Kama ni kadari, kuna haja gani ya kupanda miti na kuzibua mitaro? Na kama ni makosa ya watu, mbona waliokufa maji siyo wale walioharibu?"

Swali hili lina sehemu mbili, na zote mbili zastahili jibu. Wengi miongoni mwetu wanaishi mijini, na kila masika hulala jicho moja wazi. Kwa hiyo katika somo hili tutatazama kwanza maana ya kadari, kisha tutatazama yale ambayo mikono ya watu imeyafanya, na mwishowe njia ya kurejea.

Maana ya kadari

Neno kadari katika asili yake lina maana ya kipimo. Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo na kukiwekea sheria zake. Moto huunguza, jiwe huzama, na maji huteremka kutoka juu kwenda chini. Hiyo ndiyo kadari, wala hakuna awezaye kuigeuza. Kurani Tukufu katika Sura Al-Muuminun (23:19) yafundisha kwamba maji huteremshwa kutoka mawinguni kwa kipimo, kisha hutuzwa ardhini. Tafadhali liweke akilini jambo hili la kutuzwa ardhini, maana tutalirudia.

Lakini mtu kujenga chumba cha kulala watoto mahali ambapo maji yamekuwa yakipita tangu zamani, hiyo si sheria ya maumbile. Hilo ni chaguo, ama lake mwenyewe au la wale waliomkosesha mahali pengine.

Katika mwaka wa 18 Hijria, yaani 639, Seyidna Umar (r.a.), Khalifa wa pili, alisafiri kwenda Shamu. Alipofika mahali paitwapo Sargh alikutana na majemadari wake, akiwemo Abu Ubaida bin Jarrah (r.a.), wakampasha habari kwamba tauni imeingia nchini. Baada ya kushauriana na watu akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali kwamba ndivyo, anaikimbia kadari moja ya Mungu na kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine ni mkavu. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu. Haihitaji kuelezwa ni upande upi mchungaji mwenye akili atawapeleka wanyama wake.

Naam, kuamini kadari si kukaa na kungoja. Hata gharika ya Nabii Nuhu (a.s.), ambayo ilikuwa adhabu iliyotangazwa na nabii, haikuja kabla ya onyo, na waliookoka hawakuokoka kwa kukunja mikono. Waliamriwa kuunda jahazi, wakaliunda.

Yafaa pia kuonya hapa juu ya kosa lingine. Baadhi ya watu wakiona msiba wa maji husema upesi kwamba waliopatwa walikuwa waovu. Hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimhesabu Mwislamu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi. Tutawezaje basi kumhukumu mtu ambaye Mtume amempa daraja hiyo?

Yale ambayo mikono ya watu imeyafanya

Katika Sura Ar-Rum (30:42) Kurani Tukufu yaeleza kwamba uharibifu umedhihirika barani na baharini kwa sababu ya matendo ya watu, ili waonjeshwe sehemu ya waliyoyafanya, wapate kurejea. Tuutazame mto Msimbazi kwa mwanga wa mafundisho haya.

Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Kila mto wa namna hii una vitanda viwili. Kitanda cha kwanza ni chembamba, ndicho tukionacho wakati wa kiangazi. Cha pili ni kipana, nacho ni bonde lote la tambarare lililo kandokando. Mto hulala humo siku chache tu kwa mwaka, na pengine miaka kadhaa hupita bila kukihitaji. Mtu akija wakati wa kiangazi huona kiwanja kitupu, cha bei nafuu, karibu na soko na kazi. Hajui kwamba mwenye kitanda yuko safarini na atarudi.

Sasa angalia mambo manne yaliyofanyika.

Kwanza, ardhi ilifunikwa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Basi chukua nyumba yenye bati la mita za mraba 100, na mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika siku moja ya masika. Kutoka paa hilo moja hushuka lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Paa 1,000 za namna hiyo humwaga lita milioni 5. Hapo zamani maji hayo yangaliangukia majani na udongo, yakanywewa polepole na kutuzwa ardhini, kisha yakatoka katika chemchemi na visima wakati wa kiangazi. Leo yanaangukia bati, saruji na lami, na yote hukimbilia bondeni kwa saa ile ile moja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam walikuwa hawajafika 400,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728. Mawingu ni yale yale, bali paa zimeongezeka mara nyingi.

Pili, miti ya vilimani ilikatwa kwa ajili ya kuni, mkaa na viwanja. Mizizi hushika udongo. Inapoondoka, udongo huteremka na maji na kujaza mto, hata kina chake kikapungua na maji yakapanda juu ya kingo upesi zaidi.

Tatu, mchanga wa mtoni ulichimbwa kwa ajili ya matofali. Kingo zikamomonyoka, na nyumba zilizokuwa mbali na maji zikajikuta ukingoni.

Nne, mitaro na makalavati yaligeuzwa kuwa majalala. Takataka zikiziba njia ya maji, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni mlango wa mtu. Mbaya zaidi, wapo wanaongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao katika mkondo, wakidhani kwamba uchafu ukiondoka kwao umeondoka duniani. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwaonya wafuasi wake wajihadhari na laana iletwayo na kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini. Yafaa kila mwenye kutapisha choo mtoni alifikiri onyo hili kabla ya kusimama kusali.

Matokeo yake yalionekana Desemba 2011. Dar es Salaam ilipata mvua kubwa kupita zote zilizoandikwa katika muda wa zaidi ya miaka 50, na watu wasiopungua 40 wakapoteza maisha. Ni kweli kwamba mvua ilikuwa kubwa, na wataalamu wanatueleza kwamba joto la dunia linalozidi kwa ajili ya moshi wa viwanda na magari linazifanya mvua za namna hiyo kuwa kali zaidi. Mvua ingenyesha hata kama bonde lingekuwa tupu. Lakini bonde tupu lisingezika mtu.

Kwa nini anaumia asiyeharibu?

Hapa tunafika kwenye sehemu ya pili ya swali la ndugu yetu. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitoa mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine sehemu ya chini. Wale wa chini, kwa kuwa walilazimika kupanda juu kila wakitaka maji, waliona heri watoboe tundu kwao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka.

Mji ni chombo cha namna hiyo. Anayekata miti Pugu haoni maji yanayoingia Jangwani. Anayesakafia ua wake wote kwa saruji huko juu haoni tope linaloingia katika nyumba ya bondeni. Mwenyezi Mungu ametufunga pamoja, kiasi kwamba wema wa mmoja humfikia mwingine, na ubaya vile vile. Asiyeharibu anapoumia, si kwamba Mungu amedhulumu. Ni sisi tumemdhulumu ndugu yetu kwa kutumia maji kama silaha, na mwenye kudhulumu ana hesabu ya kutoa, hata kama hakumjua aliyemdhulumu.

Haki ya maji katika sheria ya Kiislamu

Huenda mtu akadhani kwamba mambo haya ya mabonde na miti ni elimu ya siku hizi tu, haihusiani na dini. Sivyo. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliufanya mji wa Madina kuwa eneo takatifu ambamo miti haikatwi wala mawindo hayafukuzwi. Kadhalika alilitenga bonde la Naqi', karibu na Madina, liwe malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa umma. Malisho ya namna hiyo huitwa hima. Tena mafakihi walifundisha kwamba kila kisima na kila mto una harimu yake, yaani kipande cha ardhi kando yake ambacho hakuna ruhusa ya mtu kukifanya milki yake na kukizuia. Walihitilafiana juu ya kipimo, na kwa kisima wengine walitaja dhiraa 40; lakini asili yake ni moja: maji yana haki ya nafasi.

Wataalamu wa miji leo wanafikia neno hilo hilo kwa njia ya hesabu. Wanasema kwamba badala ya kushindana na maji kwa kuta za zege peke yake, mji uyarudishie maji mahali pake: mabonde yaachwe wazi, vinamasi vifufuliwe, vilima vipandwe miti, na mikoko ya pwani ilindwe. Tutazame mifano miwili ya jirani.

Mjini Kampala, maji machafu ya mji hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, na si mbali na hapo, huko Ggaba, ndipo mji unapochota maji yake ya kunywa. Mafunjo ya kinamasi hicho huyapunguza maji mwendo, hunasa tope, na mizizi yake hunyonya sehemu ya uchafu. Mwaka 1999 wachunguzi walikadiria kwamba kazi hiyo ya kusafisha, inayofanywa bila mshahara, ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Hata hivyo sehemu kubwa ya mafunjo imekatwa kwa ajili ya magimbi, nyumba na viwanda. Basi kazi aliyoifanya mfanyakazi wa bure sasa hufanywa kwa mitambo na dawa, na gharama hulipwa na wakazi.

Mjini Kigali walianza kurudi. Kinamasi cha Nyandungu, chenye zaidi ya hekta 120, kilikuwa kimeharibiwa kwa malisho, uchimbaji na taka. Kuanzia mwaka 2016 kilisafishwa, vidimbwi vikachimbwa, miti ya asili ikapandwa kwa maelfu, na Julai 2022 kikafunguliwa kuwa bustani ya wananchi. Mvua inyeshapo maji hupumzika humo. Jua liwakapo watu hupumzika humo.

Dar es Salaam nayo haikulala. Mwaka 2018 wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi wa bondeni walikaa pamoja wakaandaa mpango wa Bonde la Msimbazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Mpango wenyewe ni kuupanua mto, kujenga daraja refu zaidi Jangwani, kupanda miti kwenye vyanzo, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani kubwa ambayo mto utaruhusiwa kuijaza maji bila kumwua mtu.

Je, maskini wafukuzwe?

Hapa msomaji aweza kutoa pingamizi ya haki. Kama bonde lina haki yake, je, maskini waliojenga humo hawana haki? Baada ya mafuriko ya 2011 familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Wapo waliorudi bondeni, kwa kuwa kazi zao zilikuwa mjini. Asiyewahi kutembea kilomita nyingi kutafuta kibarua asiwacheke.

Jibu tunalipata tena kwa Seyidna Umar (r.a.). Alipomweka mtumishi wake aitwaye Hunayy kuilinda hima, alimwagiza awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, bali asiruhusu makundi ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, ambao walikuwa masahaba wakubwa lakini matajiri. Sababu aliyoitoa ni kwamba tajiri mifugo yake ikifa atarudi kwenye mitende na mashamba yake, bali maskini atakuja na watoto wake akilia, wala hawezi kumwacha.

Basi huu ndio msingi: mazingira yahifadhiwe, lakini gharama ya kuyahifadhi isitupwe juu ya mnyonge. Kumwondoa mtu katika hatari ni wema. Kumwondoa bila fidia ya haki na bila mahali pa kuishi karibu na riziki yake ni kuihamisha hatari tu, kutoka kwenye maji kuipeleka kwenye njaa. Na si haki kabisa kibanda cha mjane kibomolewe bondeni huku ghala la mwenye nguvu likiachwa limesimama papo hapo.

Nianze wapi?

Ndugu yetu aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Serikali ina mamilioni, mimi sina. Nianze wapi?" Nilimjibu kwa mambo haya, nami nakuletea wewe pia:

1. Ukitaka kununua kiwanja, usikitazame wakati wa kiangazi peke yake. Waulize wazee wa mahali pale maji hupita wapi, na utazame alama za tope katika kuta za jirani.

2. Weka mfereji wa bati na pipa au tangi chini yake. Kila lita uliyoikinga hukupunguzia gharama ya maji na humpunguzia jirani wa chini mafuriko.

3. Usisakafie ua wote. Acha sehemu ya udongo na majani, ardhi ipate kunywa.

4. Panda mti unaofaa mahali pako, na uutunze mpaka ushike. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba mti ambao ndege, mtu au mnyama hula matunda yake humwandikia aliyeupanda sadaka. Miche mingi hupandwa kwa picha na hotuba, ikafa kwa kiu katika mwezi wa tatu.

5. Usitupe taka mtaroni, wala usitapishe choo wakati wa mvua. Zibueni mtaro wa mtaa wenu kabla ya masika, sio baada ya msiba.

6. Hudhuria mkutano wa serikali ya mtaa. Pakitajwa habari ya kugawa viwanja kando ya mto, simama useme kwa adabu. Kuwazuia watu wasitoboe chombo ni wajibu wa walio juu na walio chini.

Hatusemi kwamba miti na vinamasi vitazuia kila mafuriko. Mvua kubwa kupita kiasi itahitaji pia mifereji imara, madaraja na onyo la mapema. Lakini mji uliouachia mto kitanda chake utapoteza siku chache za bustani, na mji uliokinyang'anya utapoteza watu.

Bedui mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi pia, ndugu msomaji, tufunge kwanza ngamia wetu: mtaro, mti, ua na bonde. Kisha usiku wa masika, mvua ikipiga bati, tuwe na haki ya kuinua mikono na kuomba.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliochukuliwa na maji, awape subira waliobaki, na atujalie kuwa miongoni mwa wanaorejea kabla hawajaonjeshwa tena. Amin.